Siku ya Kuuza Hisa za Colin (14): Pipa la Nyumba Namba 31

Ule mkono uliomshika Noeline Crozier begani mwishoni mwa sehemu iliyopita, pale kwenye kona ya kijiji cha wastaafu cha Fernhaugh, haukuwa wa mlinzi. Ulikuwa wa Lindsay Mottram mwenyewe, mwenyekiti wa bodi.

Noeline aligeuka polepole. Daftari lake lilikuwa wazi, kalamu imesimama katikati ya ukurasa. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akimwona mtu huyu kwa mbali tu, jukwaani kwenye mikutano ya mwaka ya wenye hisa, na kila mara alikuwa akimwombea mabaya. Leo alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni yake ya kunyolea.

"Umefika ngapi, shemeji?" Mottram aliuliza. "Nisije nikakuvurugia hesabu."

Shemeji. Alimwita hivyo enzi zile alipokuwa akila nyama ya kondoo mezani kwake kila Jumapili, yeye na Colin, marehemu mume wa Noeline, wakiwa kitu kimoja, mmoja na pesa, mwingine na nyundo. Colin ndiye aliyejenga Fernhaugh yote, nyumba themanini na nne, na akalipwa kwa hisa za kampuni. Kisha mapaa yakaanza kuvuja.

Mottram alisimama mbele ya mkutano na kumlaumu fundi kwa jina. Colin alisema anayo barua ambamo Mottram alimwamuru kwa mkono wake mwenyewe atumie mabati ya bei poa. Akaitafuta siku tatu, akapindua gereji nzima, asiipate. Miezi saba baadaye moyo wake ulisimama, na mji wa Rangiora ukamzika kama fundi wa mapaa yanayovuja.

Siku ya mazishi Noeline aliapa. Hisa za mumewe hataziuza kwa sababu bei imepanda, wala kwa sababu imeshuka, wala kwa sababu ya njaa. Ataziuza siku ile ambayo kuziuza kutamuumiza Mottram kuliko siku nyingine yoyote.

Siku yenyewe ilikuwa leo, Jumanne, na msomaji anakumbuka kwa nini. Kampuni moja kubwa ya Australia ilitaka kuinunua Fernhaugh yote, magazeti yalikuwa yameshaandika, na wajumbe wake walikuwa ndani ya ukumbi wa kijiji muda huu wakinywa chai. Fungu la hisa kama la Noeline likimwagwa sokoni asubuhi moja, bei itaporomoka, na wanunuzi wataanza kuulizana huyu mjane kajua nini.

Naye alikuwa anajua. Kampuni za namna hii huishi kwa wazee wanaoingia, maana kila anayehamia hutoa donge nono mlangoni, na nyumba ikikaa tupu kampuni hukosa pumzi. Ripoti za Mottram zilisema kijiji kimejaa. Noeline hakusoma ripoti. Alisoma mapipa ya taka. Kila Jumanne asubuhi kila nyumba yenye mtu hutoa pipa lake kando ya barabara, na Noeline alipita akijifanya anakwenda kumsalimia mdogo wake Avis, namba 31, huku akihesabu. Mwaka juzi mapipa yalikuwa themanini. Mwezi uliopita yalikuwa hamsini na moja.

Leo yalikuwa themanini na manne.

Alikuwa amehesabu mara mbili. Kila mlango na pipa lake, yamejipanga barabara nzima kama wanafunzi wanaosubiri kukaguliwa.

"Najua unachokifanya hapa kila Jumanne," Mottram alisema, sauti yake tamu. "Sikukasirika. Nilicheka. Sasa umeona mwenyewe kwa macho yako, kijiji kimejaa."

Kisha akatoa ombi lake. Noeline asiuze leo. Asubiri wiki mbili tu, Waaustralia watie saini, na hisa zake zitalipwa karibu mara mbili ya bei ya sokoni. Yeye Mottram ataondoka na heshima zake, Noeline ataondoka na mapesa yake, na kila mtu atazeeka kwa raha.

"Colin angefurahi," alimalizia.

Hapo aliharibu. Lakini moyo wa Noeline ulikuwa umeshaingiwa na mashaka. Kama kijiji kimejaa kweli, basi kuuza leo ni kumpa Mottram zawadi. Bei itatikisika kidogo, Waaustralia watacheka, na yeye atakuwa amekitupa alichoachiwa na mumewe bila hata kumkwaruza adui yake. Kuna kitu kingine pia kilichomtafuna. Habari ya mapipa alikuwa amemwambia mtu mmoja tu duniani.

Alitazama tena barabara, na safari hii hakuhesabu. Alitazama mifuniko.

Mifuniko mingi ilikuwa myekundu. Mingine ilikuwa ya njano.

Mzee wa Rangiora anaweza kusahau miwani yake, anaweza kusahau jina la mkwewe, lakini hasahau ni wiki ya pipa gani. Jekundu ni la takataka, la njano ni la makaratasi na makopo, na yanapokezana wiki kwa wiki. Ukikosea, lori linakupita na majirani wanakusema mwezi mzima. Wiki hii ilikuwa ya jekundu. Hakuna mkazi wa Fernhaugh, hata mwenye miaka tisini na sita, ambaye angetoa la njano.

Mottram hakuliona hilo. Alikuwa anakaa ghorofani Auckland, na taka zake ziliteremshwa na mtu mwingine.

"Lindsay," Noeline alisema taratibu, "una hakika hizi nyumba zote zina watu?"

"Pipa liko pale. Unataka nini tena?"

Hakumaliza kujisifu. Upepo wa kaskazini-magharibi, ule wa moto unaoteremka milimani na kuwapa watu maumivu ya kichwa, ulikuwa umeanza kuvuma tangu saa mbili. Sasa ulikuja kwa nguvu. Pipa la njano la namba 12 liliyumba, likaanguka kifudifudi, mfuniko ukafunguka. Ndani hamkuwa na kitu. Likafuata la namba 14. Likafuata la 17, na la 18, na la 20, yakilala moja baada ya jingine mpaka mwisho wa barabara, na mengine yakiviringika kwenye maua ya watu. Mapipa mekundu yalikuwa yamejaa taka za wenyewe. Yalisimama pale pale.

Tipene, mtunza bustani, alikuwa ameegemea reki yake akiangalia. Mottram alimgeukia, uso umemwiva, akamuuliza huku ameuma meno ni upuuzi gani huu.

"Uliniambia nitoe mapipa, bosi," Tipene alijibu. "Habari ya rangi hukuniambia."

Alisema hivyo bila hata kutabasamu. Noeline alikumbuka kwamba mwezi wa nne Mottram alimnyima Tipene ruhusa ya siku tatu kwenda kumlilia mama yake pamoja na ukoo wao, akampa nusu siku. Akamwona Tipene kwa jicho jipya.

Noeline alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka ndani ya Fernhaugh tangu amzike mumewe, na kicheko chenyewe hakikuwa kizuri. Furaha iliyompanda ilikuwa furaha chungu, ya mtu aliyengoja sana. Alitoa simu na kumpigia Des Wakelin, dalali wake wa hisa mjini Christchurch, hapo hapo mbele ya mwenyekiti.

"Uza, Des. Zote. Usinibakizie hata moja."

Des hakuuliza sababu, alikuwa ameisikia sababu kwa miaka kumi na mmoja. Alisema tu kwamba fomu ya kuuza anaituma sasa hivi kwa wadhamini wote wawili. Hisa za Colin, kama mali za kila familia yenye nyumba na kipande cha ardhi katika nchi ile, ziliwekwa kwenye amana ya familia, na wadhamini walikuwa Noeline na Avis. Bila sahihi mbili, hakuna mauzo. Lakini Avis hakuwa tatizo hata siku moja. Alikuwa anasaini chochote dada yake alichomwekea mbele, huku akikoroga chai.

"Mwambie asaini kwenye simu yake," Des alisema. "Nabaki hewani. Bei iko juu tangu soko lifunguliwe."

Noeline alikata njia kuelekea namba 31 bila kuaga, simu ikiwa mkononi. Mottram hakumkimbilia, wala hakumwita. Alibaki amesimama na mikono mifukoni, na hilo lilipaswa kumshtua Noeline. Halikumshtua.

Kilichomshtua ni pipa. Mbele ya namba 31 kulikuwa na pipa la njano, limelala chini.

Jumanne iliyopita Avis alimsemesha mlangoni, akasema ana mafua, asiingie asije akaambukizwa. Jumapili walizungumza kwenye simu, na Avis akasema yuko nyumbani anakaanga samaki. Noeline aligonga. Akachungulia dirishani. Zulia halikuwepo. Kiti cha Avis hakikuwepo. Ukutani kulikuwa na alama nyeupe za picha zilizotolewa.

Nyuma yake mlango wa gari ulifungwa.

Gari lilikuwa la Mottram, jeusi, limeegeshwa kivulini. Aliyeshuka ni Avis, miaka sitini na minane, nywele zimetengenezwa, skafu ya hariri shingoni, na kidoleni pete ambayo Noeline hakuwahi kuiona. Mottram alifika akasimama pembeni yake na kumshika kiuno.

"Tumefunga ndoa Jumamosi," Mottram alisema. "Kule Akaroa, watu wanne tu. Sasa nakuita shemeji kihalali kabisa."

Noeline hakumtazama. Alimtazama mdogo wake.

"Wewe ndiye uliyemwambia habari ya mapipa."

"Ndiyo, dada."

"Saini hiyo fomu, Avis."

"Sisaini." Avis aliizungusha pete kidoleni. "Miaka kumi na mmoja unaishi na maiti. Kila chai tuliyokunywa ilikuwa Lindsay hivi, Lindsay vile, siku yake inakuja. Mimi nataka kuishi na mtu anayepumua. Waaustralia wakishanunua nitasaini, na utakuwa tajiri, na utanishukuru."

Maneno yale yaliingia. Noeline alihisi mahali palipokuwa na hasira pamekuwa baridi. Alikuwa amempenda mdogo wake huyu kuliko mtu yeyote aliyebaki hai, na sasa aliona kwamba alikuwa akikaa mezani kwa adui kila Jumanne na kula keki zake.

Wakati huo huo milango ya ukumbi ilifunguliwa. Wajumbe wa Australia walitoka, mbele yao Robyn Vasilakis, mwanamke mfupi mwenye kipande cha skonzi mkononi, yule ambaye magazeti yalisema neno lake ndilo la mwisho. Alisimama kwenye ngazi akaiangalia barabara iliyojaa mapipa ya njano yaliyolala midomo wazi. Akaacha kutafuna.

Mottram alimwachia mkewe kiuno akakimbia. Mwenyekiti wa bodi, katika suti yake ya kijivu, alianza kuinua mapipa. Alilisimamisha la 18, akalifuata la 20, upepo ukaliangusha tena la 18. Akalirudia la 18, la 20 likalala tena. Wazee wawili walitoa viti vyao barazani waone vizuri.

Noeline aliona jambo moja waziwazi. Kuuza hawezi, Avis ameshamfunga mikono. Lakini kumwangusha Mottram bado anaweza. Anachotakiwa ni kumvutia yule mama pipa moja tupu na kumwambia kila la njano ni nyumba isiyo na mtu. Biashara itakufa leo leo. Na hisa za Colin, ambazo hawezi kuziuza, zitabaki makaratasi ya kufungia samaki. Nyumba yake mwenyewe ilikuwa inasubiri paa jipya kwa fedha zile, na goti lake lilikuwa linasubiri daktari.

"Acha hizo hisa ziungue," alisema kwa sauti. Avis alimsikia akarudi nyuma hatua moja.

Aliinamia pipa la namba 31 akalishika mpini. Halikuwa tupu kama mengine. Ndani kulikuwa na kitu kinachochakarika. Avis alitoa kelele ndogo kooni, lakini Noeline alikuwa ameshalivuta, mfuniko ukafunguka, na upepo ukayatoa makaratasi: kadi za Krismasi, risiti, majarida ya kushona. Avis alikuwa amesafisha droo zake kabla ya kuhama, akatupa kwenye pipa la makaratasi kama inavyotakiwa, akitegemea lori la wiki ijayo. Hakujua kwamba Tipene angelitoa leo.

Karatasi moja iligandamana na mguu wa Noeline. Aliichukua ili aitupe. Akaona juu yake nembo ya Fernhaugh, ile ya zamani.

Ilikuwa barua. Ilimwamuru Colin Crozier aache mabati aliyoyapendekeza na atumie ya bei ya chini, na ikasema lawama zozote zitabebwa na kampuni. Chini kulikuwa na sahihi ya Lindsay Mottram, imechorwa kwa madaha yale yale aliyokuwa nayo mpaka leo.

Ndiyo hii. Colin hakuwa mwongo. Miaka kumi na mmoja, na barua ilikuwa kwenye droo ya Avis, hatua thelathini kutoka mahali alipokuwa anasimama kuhesabu mapipa.

"Ulimwibia Colin," alimwambia mdogo wake. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Ulimwibia barua yake, ukakaa nayo, ukamwangalia anakufa."

"Sikumwibia," Avis alisema. Alikuwa amekuwa mweupe kama ukuta. "Dada, nakuomba. Usiigeuze."

Msomaji anajua kwamba Colin Crozier hakuwahi kununua karatasi ya kuandikia maishani mwake. Orodha ya dukani aliiandika nyuma ya ankara ya misumari. Ombi lake la ndoa aliliandika nyuma ya mchoro wa choo, na Noeline ameutundika chumbani mpaka leo.

Noeline aliigeuza.

Ilikuwa penseli ile nene ya kifundi, na mwandiko ule ule. "Avis wangu, nifichie hii. Noeline akiipata atamwendea Lindsay, na Lindsay anajua habari zetu, atazimwaga zote. Bora mji uniite fundi mbovu kuliko Noeline kujua. Nitajifanya naitafuta. C."

Siku tatu. Alimwona akipindua gereji siku tatu, jasho linamtoka, na yeye Noeline akimshikia taa na kumpa moyo.

Alisoma tena, kama vile maneno yangebadilika. Kisha akamtazama Mottram kule barabarani, na kwa mara ya kwanza alielewa kwa nini mtu huyu hakuwahi kumwogopa. Mottram alikuwa amesimama na pipa katika kila mkono. Alikuwa ameiona karatasi.

Avis alimsogelea, akanong'ona kwa haraka, huku simu yake ikiwa tayari imefunguliwa kwenye fomu ya Des. Alisema atasaini. Hapo hapo, dakika hiyo hiyo, kabla Waaustralia hawajafunga mabegi yao na bei haijaanguka. Noeline atapata pesa zake zote na hakuna atakayejua lolote kuhusu Colin.

"Nipe hiyo karatasi tu, dada. Nipe nikaichome."

"Noeline?" sauti ya Des ilitoka kwenye simu. "Bei bado haijashuka. Niuze au vipi?"

Nyayo zilikuja juu ya kokoto. Robyn Vasilakis alikuwa amefika, amelipita pipa la 18 na la 20 bila kumsemesha Mottram. Alitazama dirisha lisilo na pazia la namba 31, akatazama lile pipa, akamtazama bibi mwenye machozi.

"Naona hiyo ina jina la mwenyekiti," alisema kwa upole, akanyoosha mkono. "Naruhusiwa kuisoma?"

Mikono miwili ilikuwa mbele ya Noeline, wa Avis wenye pete mpya na wa mgeni wenye makombo ya skonzi. Mottram aliyaachia mapipa yote mawili, yakaanguka, na akaanza kutembea kuja kwao, halafu akakimbia.

Noeline aliikunja ile karatasi mara moja, upande wa penseli ukawa ndani na sahihi ya Mottram nje, akaipitishia ukucha kwenye mkunjo kama Colin alivyomfundisha. Kisha akanyoosha mkono.